Hata Mwalimu wa Mbio Ana Mwalimu Wake

Mkulima wa kahawa akiona majani ya mibuni yake yameingia madoa ya rangi ya manjano, haoni haya kukata tawi moja, akalipeleka kwa Bwana Shamba na kumwuliza ni ugonjwa gani. Karani mgeni akishindwa kulinganisha hesabu za mwezi, humwendea karani mkuu kabla mkaguzi hajafika. Watu hawa hawapunguziwi heshima kwa kuuliza. Jirani zao husema kwamba wana akili. Lakini mwalimu wa michezo mara nyingi ni mtu wa tabia nyingine. Akiisha kupewa filimbi na saa ya kupimia mbio, na watoto thelathini wakajipanga mstari mbele yake, huona kwamba imempasa kujua yote. Jambo asilolijua hulinyamazia, akaendelea kwa kubahatisha.

Mkulima akibahatisha hupoteza mavuno ya mwaka mmoja, na mwakani hupanda tena. Mtoto wa miaka 13 hapandwi mara mbili. Akiumizwa goti au mfupa wa muundi kwa kukimbizwa kupita kiasi, au akichoshwa hata akazichukia mbio zenyewe, hakuna mvua za vuli zitakazomrudisha. Na katika nchi yetu, ambamo mbio za miguu zimekuwa kazi ya maisha, na kijana mmoja mwenye mbio aweza kuwajengea wazazi nyumba na kuwasomesha ndugu zake, jambo hili si la mchezo hata kidogo. Kwa hiyo yafaa kuuliza: huyo mwalimu anayewafundisha watoto wetu, yeye mwenyewe hufundishwa na nani?

Mwalimu wa jiografia aliyekuja Iten

Wasomaji wengi wamelisikia jina la Bruda Colm O'Connell, Mwairishi wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick. Ametajwa mara nyingi kuwa ndiye baba wa wakimbiaji wa Iten, nao wasemao hivyo hawakukosea. Lakini ni wachache wakumbukao jinsi alivyoanza. Alifika katika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's mwaka wa 1976 ili afundishe jiografia. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa na cheti cho chote cha kufundisha mbio. Wakati huo mazoezi ya shule yalikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Bw. Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster yule aliyepata medali ya shaba katika mbio za mita 10,000 huko Montreal mwaka huo huo. Kenya haikuwako Montreal, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika ziliisusia michezo hiyo.

Bruda huyu mgeni alifanya jambo ambalo watu wengi wenye elimu hawawezi kulifanya. Alikwenda kiwanjani akasimama kando ya Foster kama mwanafunzi. Akatazama, akauliza, akasaidia. Foster alipoondoka, kazi ilimwangukia yeye. Sasa mwalimu wake hayupo. Afanye nini? Bruda Colm amesimulia mara nyingi kwamba walimu wake waliofuata walikuwa ni wakimbiaji wenyewe. Aliwatazama jinsi wanavyokanyaga chini na jinsi wanavyopumua. Akawauliza miili yao inawaambia nini siku iliyofuata baada ya kazi ngumu. Alikuwa na faida moja kubwa ambayo mwalimu mwenye maarifa nusu hana: alijua kwamba hajui.

Matunda yake yanajulikana. Ibrahim Hussein, aliyesoma katika shule hiyo, alishinda marathoni ya New York mwaka wa 1987, kisha ya Boston mwaka wa 1988, tena 1991 na 1992. Peter Rono alitwaa medali ya dhahabu ya mita 1500 huko Seoul mwaka wa 1988, akiwa na umri wa miaka 21. Katika uwanja wa shule mna miti iliyopandwa kwa kuwakumbuka washindi, na mgeni aweza kutembea chini ya kivuli chake akisoma majina. Miaka ikapita, na mwaka wa 2004 mmoja wa wanafunzi wa zamani, Bw. Japheth Kimutai, akamweleza Bruda habari za kijana mmoja mrefu wa Kimaasai kutoka upande wa Kilgoris, ambaye baba yake alikuwa katika timu iliyopata medali ya fedha ya kupokezana vijiti huko Mexico mwaka wa 1968. Kijana huyo alikuwa David Rudisha. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, naye akawa mtu wa kwanza ulimwenguni kwenda chini ya dakika 1 na sekunde 41.

Ningependa msomaji aangalie vizuri jambo hilo la Kimutai. Rudisha hakuokotwa njiani kwa bahati. Palikuwa na mtu aliyefundishwa, akajua kitu alichokiona, tena akajua ni kwa nani apeleke habari. Kama Kimutai angalikuwa mtu wa kusema, “Kijana huyu ni wangu, sitamwonyesha mtu,” pengine leo tungalikuwa na hadithi nyingine.

Mtu mkubwa aliyeachwa nyuma mlimani

Wako wasemao kwamba kuomba shauri ni kazi ya wageni, na kwamba mwalimu aliyekwisha kushinda vikombe hana haja tena. Hao wangefaa kusikia habari za Bill Bowerman.

Bowerman alikuwa mwalimu wa mbio wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Mwaka wa 1962 timu yake ilikuwa imeshinda vyuo vyote vya nchi ile, na vijana wake wanne walikuwa wameivunja rekodi ya dunia ya kupokezana maili nne, iliyokuwa ya watu wa New Zealand. Jina lake lilikuwa kubwa. Mwisho wa mwaka huo alisafiri na vijana wake mpaka New Zealand, naye akaitumia nafasi hiyo kumwona Bw. Arthur Lydiard.

Huyo Lydiard alikuwa mtu wa namna gani? Hakuwa profesa. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na kwa muda alikuwa akipeleka maziwa majumbani ili apate fedha za kulisha jamaa yake. Lakini tarehe 2 Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki mjini Rome, vijana wawili wa mtaa wake walipata medali za dhahabu katika muda usiozidi saa moja hivi: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5000. Lydiard hakuyapata maarifa yake vitabuni. Alipokuwa kijana alijiona kuwa ana nguvu, mpaka mzee mmoja wa chama chao cha mbio, jina lake Jack Dolan, alipomchukua wakakimbia maili tano pamoja. Kijana alirudi hoi, mapafu yanawaka moto, na mzee hana neno. Tokea siku hiyo akaanza kujipima mwenyewe mwaka baada ya mwaka, akikimbia mara kidogo mara nyingi kupita kiasi, hata akatambua ya kuwa maili 100 kwa juma, yaani kilometa 160, kwa mwendo usiomaliza pumzi, ndizo zinazoujenga mwili kabla ya kazi ya kasi kuanza.

Basi Bowerman alipofika, Lydiard alimwalika watoke Jumapili asubuhi kukimbia polepole pamoja na watu wa mtaani: wanaume, wanawake, na wazee. Bowerman alikuwa na umri wa miaka 51, naye alijidhania kuwa bado ana afya. Walipofika kwenye mlima alishindwa. Watu wote walimpita, akabaki nyuma anahema, na mzee mmoja aliyekwisha kupita miaka 70 akapunguza mwendo ili amsindikize asipotee njia. Mtu mwingine angaliona aibu na kuificha habari hiyo. Yeye aliirudisha kwao Oregon, akaanza kuwakusanya watu wa mji wake wakimbie polepole kwa ajili ya afya, na mwaka wa 1967 akatoa kitabu juu ya jambo hilo kilichonunuliwa sana. Nasema kando tu kwamba Bowerman huyu ndiye aliyeanzisha, pamoja na mwanafunzi wake wa zamani Phil Knight, biashara ya viatu ambayo sasa yajulikana kote kwa jina la Nike.

Nchi ya Finland nayo ilifanya vivyo hivyo, tena kwa jumla. Zamani Wafini walikuwa mabingwa wa mbio ndefu, kisha wakaanguka. Mwaka wa 1967 walimwita Lydiard aje akae kwao, si kufundisha wakimbiaji tu, bali kuzunguka na kuwafundisha walimu. Baadhi ya walimu wa zamani hawakupenda. Wengine walisikiliza, na mmoja wa waliosikiliza alikuwa Bw. Rolf Haikkola, ambaye hakuyameza yote, bali aliyachanganya mafundisho ya Lydiard na aliyokwisha kujifunza kwa wengine. Mwanafunzi wake alikuwa Lasse Virén, aliyeshinda mita 5000 na mita 10,000 huko Munich mwaka wa 1972, akashinda zote mbili tena mwaka wa 1976. Nasi Wakenya tunayo sababu ya kuyakumbuka mafundisho hayo, kwa maana katika mita 1500 za Munich mtu aliyempita Kipchoge Keino karibu na utepe alikuwa Mfini, Pekka Vasala.

Hapa kwetu tangu zamani

Isidhaniwe kwamba nchi yetu haikuwa na desturi hii. Mwaka wa 1949 serikali ya wakati ule ilimweka Bw. Archie Evans kuwa Afisa wa Michezo wa Koloni nzima, na mwaka wa 1951 chama cha riadha cha Kenya kikaundwa. Mtu mmoja hawezi kufundisha nchi nzima. Aliyafanya yawezekanayo kwa kuwategemea walimu wa shule, maofisa wa wilaya, polisi, askari na watu wa magereza, kila mmoja akichukua alichopata na kukipeleka kwake. Mwaka wa 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikwenda kukimbia London bila viatu. Chepkwony aliwashangaza Waingereza kwa mtindo wake wa kuchomoka ghafula, akapunguza, akachomoka tena, hata akaumia na kutoka. Na watu wakasema huyo hajui kukimbia. Miaka michache baadaye mtindo uo huo, ukiisha kutengenezwa, ndio uliowavunja wengine mioyo. Maiyoro mwenyewe alifika wa saba katika mita 5000 huko Melbourne mwaka wa 1956, na wa sita huko Rome mwaka wa 1960.

Baadaye alikuja Bw. John Velzian, mwalimu aliyekwisha kufanya kazi katika chuo cha walimu cha Kagumo, akawa mmoja wa walimu wa timu ya Kenya katika miaka ya 1960. Velzian aliendelea kukaa hapa nchini, na baadaye akakiongoza kituo cha mjini Nairobi kilichowekwa na chama cha riadha cha dunia kwa ajili ya kuwafundisha walimu wa mbio wa sehemu hii ya Afrika. Walimu waliopita humo walirudi makwao na vyeti, lakini kama waulizavyo wenyewe, faida iliyokuwa kubwa zaidi ilikuwa ni kukaa jioni na mwenzako wa nchi nyingine na kumwuliza, “Wewe kwenu, mtoto akilalamika mguu, hufanyaje?”

Ratiba ya mtu mwingine

Sasa niseme habari ya kosa linaloonekana sana mashuleni. Mwalimu kijana husikia kwamba kambi kubwa za Iten hufanya kazi ya kasi uwanjani siku ya Jumanne, mbio za kubadili mwendo siku ya Alhamisi, na mbio ndefu siku ya Jumamosi. Habari hiyo ni kweli. Basi huichukua kama ilivyo na kuwapa watoto wa darasa la saba.

Watu wazima wa kambi wana nini ambacho watoto hawa hawana? Kwanza, wanalala. Baada ya kazi ya asubuhi hula, wakalala, wakaamka kukimbia polepole tu jioni. Na siku zilizo kati ya zile tatu ni siku za mwendo mwepesi kweli kweli. Mwili hauongezeki nguvu wakati wa kukimbia, bali wakati wa kupumzika baada yake. Mtoto wa shule ametembea kilometa nne kuja, amekaa darasani mchana kutwa, amekula sahani moja ya githeri, na akirudi nyumbani anangojwa na ndoo ya maji na kuni. Pili, mifupa yake bado inakua, na sehemu ile ya mwisho wa mfupa ambapo urefu huongezeka ni laini kuliko ya mtu mzima. Tatu, watu wa kambi wamefika hapo baada ya miaka mingi, kidogo kidogo, kama vile mtu asivyomfunga ndama jembe la plau.

Mwalimu mzee angeyaona hayo kwa dakika tano. Ratiba aweza kuipata mtu ye yote, hata katika simu yake. Jicho la kutazama ndilo gumu kupata. Habari za Julius Yego ni ushahidi mzuri. Yeye, kijana wa Nandi, alijifundisha kutupa mkuki kwa kutazama picha za sinema za mabingwa wa Ulaya katika intaneti, maana hapakuwa na mtu karibu wa kumwonyesha. Alifika mbali kwa njia hiyo, na sifa zake ni za haki. Lakini picha humwonyesha mtu wengine. Haimtazami yeye na kumwambia kiwiko chako kimeshuka. Alipopata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya mwalimu Petteri Piironen, ndipo alipoziba matundu yaliyobaki, na mwaka wa 2015 mjini Beijing alitupa mkuki meta 92.72 akawa bingwa wa dunia.

Jinsi ya kwenda kwa mzee

Mwalimu anayetaka shauri asiende mikono mitupu, na hapa sisemi habari ya kuku wala sukari. Aende na daftari. Katika daftari hilo ziwe zimeandikwa siku, umbali, muda wa kila mtoto, kama palikuwa na matope au jua kali, na nani alilalamika maumivu na wapi. Daftari la miezi mitatu humweleza mzee mambo mengi kuliko maneno ya saa mbili. Asimwambie, “Naomba unipe ratiba.” Amwambie, “Tazama nilivyofanya, unionyeshe nilipopotea.” Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa, la kwanza ni kuomba samaki sokoni, la pili ni kuomba kuonyeshwa mahali pa kutega.

Tena asiende mara moja tu. Kijana Eliud Kipchoge alipomwomba Bw. Patrick Sang ratiba ya mazoezi, yapata mwaka wa 2001, Sang alimpa ya muda mfupi tu. Ilipokwisha kijana alirudi kuomba nyingine, na hiyo ilipokwisha akarudi tena. Na mambo yakaenda hivyo kwa miezi mingi kabla Sang hajamwuliza hata jina lake nani. Ndipo alipogundua kwamba huyu ni mwana wa yule mama aliyemfundisha yeye mwenyewe katika shule ya chekechea. Sang alikuwa mtu mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya mwaka wa 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, naye alisoma Chuo Kikuu cha Texas. Lakini mlango wake haukufungwa kwa mtoto wa jirani. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka wa 2003, na mwaka wa 2019 huko Vienna alizikimbia kilometa 42 na ziada kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Najua kwamba huyu alikuwa mkimbiaji, si mwalimu. Lakini namna ya kuomba ni ile ile, na mwalimu hatapungukiwa akiiga.

Vile vile mwanafunzi si lazima awe Mwafrika na mwalimu awe Mzungu. Bw. Claudio Berardelli alipokuja kutoka Italia mwaka wa 2004 alikuwa kijana, chini ya uongozi wa Dakta Gabriele Rosa aliyekwisha kuweka kambi za marathoni katika nchi yetu katika miaka ya 1990. Alijifunza kwa Rosa, na alijifunza kwa Wakenya aliokaa nao. Baadaye alimfundisha Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka wa 2007. Naye Jepkosgei, alipoacha kukimbia, akageuka kuwa mwalimu wa vijana. Ni habari njema hiyo, kwa sababu walimu wanawake wa mbio ni wachache mno ukilinganisha na wasichana wanaokimbia, na yako mambo ya mwili ambayo msichana wa miaka 15 hatamwambia mwalimu wa kiume hata akiulizwa kwa upole.

Hofu mbili

Kwa nini basi walimu wengi hawaendi kuuliza? Haya ni sababu moja, lakini si kubwa. Sababu kubwa ni hofu ya kunyang'anywa. Mwalimu wa shule ya mashambani amemwona mtoto, amemtoa katika kuchunga mbuzi, amemlipia nauli ya mashindano kwa mshahara wake. Akimpeleka kwa mwalimu mwenye jina, wakala yuko pale mlangoni na karatasi ya kutia sahihi. Mwaka ujao mtoto yuko Ulaya, na mwalimu wa kwanza anasoma habari zake gazetini kama watu wengine. Hofu hiyo si ya upuuzi, imewapata wengi. Na wazee wana hofu yao pia, kwamba wakitoa siri zao watashindwa na vijana waliowafundisha.

Lakini angalia hasara ya upande wa pili. Mwalimu aliye peke yake, asiye na mzee wa kumwambia “ngoja,” ndiye anayekuwa wepesi wa kumsikiliza mwenye duka la dawa. Nchi yetu imepata aibu kubwa kwa ajili ya dawa zilizokatazwa, hata ikalazimu sheria ipitishwe mwaka wa 2016 na shirika liundwe la kupambana nazo. Vijana wengi walioanguka walisema hawakujua walichopewa. Wengine walidanganya, lakini wengine, nadhani, walikuwa hawana mtu.

Tena maarifa yasiyogawanywa hufa pamoja na mwenyewe. Tarehe 11 Februari 2024 gari lilipata ajali karibu na Kaptagat, wakafa Kelvin Kiptum, mwenye umri wa miaka 24, na mwalimu wake Gervais Hakizimana wa Rwanda, mwenye umri wa miaka 36. Miezi minne kabla ya hapo Kiptum alikuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Hakizimana alikuwa mkimbiaji aliyefanya mazoezi katika milima ile ile wakati Kiptum akiwa mtoto mchungaji, na mtoto alikuwa akimfuata mbio kwa miguu mitupu. Baada ya Chicago aliwaeleza waandishi wa habari kwamba kijana wake alikuwa akikimbia zaidi ya kilometa 250 kwa juma, na kwamba yeye mwenyewe aliogopa mwili hautastahimili miaka mingi, akamshauri apunguze. Hayo machache tunayajua kwa sababu aliyasema. Mengine yote, kwa nini siku fulani aliongeza na siku fulani akapunguza, aliyaona nini katika miguu ya kijana yule, alikwenda nayo.

Hofu ya kunyang'anywa haitaondolewa kwa mahubiri. Yaweza kupunguzwa kwa mapatano yaliyoandikwa. Mwalimu wa kwanza na mwalimu mkubwa waandikiane barua, mbele ya mzazi na mwalimu mkuu wa shule, kusema mtoto anakwenda kwa kazi gani, kwa muda gani, nani atamlipia karo, na kwamba atamaliza masomo yake kabla ya wakala kuruhusiwa kumsemesha. Na kama siku moja atashinda fedha, sehemu ya yule aliyemwona kwanza iwe imetajwa, hata ikiwa ndogo. Barua hiyo ifanywe nakala tatu. Tena karatasi za kuwaandikisha wakimbiaji kwa ajili ya mashindano huuliza jina, mwaka wa kuzaliwa na shule. Hapangekuwa na taabu yo yote kuongeza mstari mmoja wa kuandika jina la mwalimu wake wa kwanza, na msemaji wa uwanjani, anapolitangaza jina la mtoto, akalisoma na hilo pia.